Sanaa za Maonyesho Mlimani: Watazamaji Wako Wapi?

Haya ni maelezo aliyoyatoa mwandishi wetu mbele ya walimu wa shule za sekondari na watumishi wa idara za serikali katika wilaya moja ya Mkoa wa Pwani. Tumeyafupisha kidogo.



Nimetakiwa niseme juu ya sanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na juu ya kazi za wale wanaozifundisha. Nimekubali kwa sababu nilisoma pale Mlimani, na kwa sababu kazi ya gazeti imenionyesha kwamba habari za Chuo Kikuu zinazomfikia mwananchi ni za namna mbili tu: mahafali na migomo. Baina ya joho na bango kuna miezi mingi ya kazi, na mwananchi anayeilipia kazi hiyo kwa kodi yake haelezwi chochote.

Hata pale tunapojaribu kueleza, tunaeleza kisichotakiwa. Nimepata kusoma katika gazeti moja, ambalo halina haja ya kutajwa, taarifa ya mchezo ulioonyeshwa na wanafunzi wa chuo. Taarifa ile ilimtaja mgeni rasmi kwa cheo chake chote, ikaeleza saa aliyowasili, na mambo matano aliyowahimiza vijana. Jina la mchezo halikuandikwa. Wala haikusemwa mchezo ulihusu nini, ukaishaje, na kama watu waliokuwa ukumbini walicheka au walinyamaza.

Sasa, mwanazuoni mmoja wa pale Mlimani, Ndugu Penina Muhando, ambaye wengi mnamfahamu pia kwa jina la Profesa Mlama, amefundisha kwa miaka mingi kwamba sanaa ya maonyesho hukamilika kwa mambo manne: dhana inayotendeka, mtendaji, uwanja wa kutendea, na watazamaji. Kikikosekana kimoja kati ya hivyo vinne, kilichobaki ni kitu kingine. Huenda ni fasihi, huenda ni mazoezi, lakini si onyesho. Nawaomba mlishike jambo hilo la nne, kwani ndilo lililonileta hapa. Chuo Kikuu kimekuwa na dhana, kimekuwa na watendaji, na uwanja kinao. Watazamaji ndio ambao tangu mwanzo wamekuwa taabu, na watazamaji wenyewe, ndugu zangu, ni ninyi.

Tutazame kwanza mambo yalivyoanza. Chuo kilizaliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria, na vyeti vyake vikitegemea Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1964 kilihamia Mlimani. Idara ya Sanaa za Maonyesho ilianzishwa mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha, na katikati ya miaka ya 1970 ikaunganishwa na sanaa za ufundi na muziki. Chuo kilikuwa kimekwisha kuwa Chuo Kikuu kamili cha taifa tangu Julai 1, 1970. Kwa hiyo idara hii ina umri mkubwa kuliko Chuo Kikuu chenyewe kwa hesabu ya sheria, jambo ambalo walimu wake hawachoki kuwakumbusha wenzao wa vitivo vingine.

Kabla ya hapo, mchezo wa kuigiza uliojulikana shuleni ulikuwa ule ulioletwa na mkoloni. Watoto wa Kiafrika walivishwa kanzu za Warumi na kukaririshwa maneno ya Shakespeare, mbele ya Mkuu wa Shule na wageni wake. Simdharau Shakespeare. Mwalimu Nyerere mwenyewe aliona inafaa amtafsiri, akatoa tafsiri ya Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, na katika kufanya hivyo alionyesha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba mzigo wowote. Taabu ilikuwa kwamba ngoma, majigambo, utani wa misibani na mafunzo ya jando na unyago, ambavyo ni maonyesho yenye watendaji na watazamaji wake tangu zamani, havikuhesabiwa kuwa ni sanaa. Vilihesabiwa kuwa ni kelele za usiku.

Ni katika hali hiyo kijana mmoja wa Kilwa, Ebrahim Hussein, aliyesoma pale Mlimani na baadaye akafundisha pale pale, alitoa tamthilia ya Kinjeketile mwaka 1969. Naomba nikae hapa kidogo, kwani watu wengi wanaisoma Kinjeketile kana kwamba ilianguka kutoka mbinguni. Katika miaka hiyo hiyo Idara ya Historia ilikuwa na mradi wa kukusanya habari za Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Gilbert Gwassa na John Iliffe, pamoja na wanafunzi wao, waliwafuata wazee waliokuwa hai, wakawauliza, wakaandika. Hivyo vita vile vilielezwa kwa midomo ya waliopigana au watoto wao, badala ya kutegemea barua za maofisa wa Kijerumani peke yake. Hapana budi tuone uhusiano. Mlima mmoja, miaka ile ile: wanahistoria wanakusanya ushahidi, na mtu wa jukwaa anauliza swali ambalo ushahidi peke yake hauwezi kulijibu. Je, kiongozi afanye nini neno lake linapokua na kumshinda yeye mwenyewe? Kinjeketile wa Hussein anawaunganisha watu kwa maji, kisha anaingiwa na shaka juu ya maji yale yale. Mwishoni, akiwa mikononi mwa askari wa Kijerumani, anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa, kwa kuwa anajua kukana kwake kutawavunja moyo watoto ambao bado hawajazaliwa.

Hiyo ndiyo maana ya kuwa na jukwaa ndani ya chuo kikuu. Utafiti wa kitivo kimoja unageuka swali ambalo mkulima wa Rufiji anaweza kuliamua kwa akili yake, bila kuwa na cheti.

Miaka miwili baadaye, 1971, Hussein alitoa Mashetani. Humo aliwaweka jukwaani wasomi wenyewe, Juma na Kitaru, vijana wawili marafiki ambao urafiki wao unatikiswa na tabaka walikotoka. Ni mchezo mgumu. Wapo walimu walionieleza kwamba hawaupendi kwa sababu wanafunzi hawauelewi. Mimi nadhani wanafunzi wangeuelewa zaidi kama wangeuona ukichezwa, na nitalirudia jambo hilo.

Sitaeleza kazi zote. Ndugu Muhando aliandika Hatia mwaka 1972, Tambueni Haki Zetu mwaka 1973, na Nguzo Mama mwaka 1982, ambamo wanawake wa kijiji wanahangaika kuisimamisha nguzo, na kila mara jambo hili au lile linawavuta pembeni. Ndugu Amandina Lihamba aliandika Hawala ya Fedha, akiitoa katika kazi ya Ousmane Sembène wa Senegal, na miaka mingi baadaye wananchi wakamwona katika filamu ya Maangamizi ya mwaka 2001. Katika miaka ya 1980 walimu na wanafunzi waliunda kikundi cha Paukwa, wakatunga mchezo wa Ayubu kwa pamoja, wakichanganya hadithi, nyimbo na ngoma. Jina la kikundi mnalielewa: anayesema paukwa anangoja aitikiwe pakawa, na asipoitikiwa hadithi haianzi.

Kuna jambo moja hapa ambalo limekuwa likinikera, nami nalisema bila kuzunguka. Michezo karibu yote niliyoitaja imeandikwa kwa Kiswahili na kuchezwa kwa Kiswahili. Lakini mwanafunzi wa idara hii, anayeigiza usiku kwa lugha ya watu wake, asubuhi huingia darasani akaandika insha juu ya mchezo ule ule kwa Kiingereza. Anayesoma insha hiyo ni mwalimu wake mmoja, na pengine mtahini kutoka nje. Idara ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 1970, ilionyesha mapema kwamba masomo ya chuo kikuu yanaweza kutolewa kwa Kiswahili. Na mwaka 1976 Ndugu Muhando na Ndugu Ndyanao Balisidya walitoa kitabu kizima cha nadharia, Fasihi na Sanaa za Maonyesho, kwa Kiswahili safi. Njia ilikwisha kufyekwa, na iliyofyekwa isipopitwa huota majani tena. Nadharia inayohusu watazamaji, lakini isiyoweza kusomwa na watazamaji hao, ina kasoro.

Tena wasomi hao wanapohukumiwa kwa ajili ya kupandishwa cheo, macho yote huelekea kwenye makala yaliyochapishwa katika majarida ya ng'ambo. Mwalimu wa uhandisi akijenga daraja, kila mtu analiona. Mwalimu wa maonyesho akikaa miezi mitatu na vijana ishirini, akawafundisha, akatoa mchezo unaowafanya watu wabishane hadi usiku wa manane, asubuhi yake uwanja ni mtupu. Kazi yake imebaki vichwani mwa watu tu. Ni vigumu kuiweka kwenye jalada. Hata hivyo ugumu wa kuiweka kwenye jalada si sababu ya kuihesabu kuwa si kazi.

Sasa tushuke Mlimani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 baadhi ya walimu wa idara, miongoni mwao Ndugu Lihamba, Ndugu Muhando na Ndugu Eberhard Chambulikazi, waliona kwamba kuwangoja wananchi wapande mlima ni ndoto. Wakaenda kijiji cha Malya, huko Kwimba, Mkoa wa Mwanza. Namna walivyofanya kazi inastahili kuelezwa taratibu, kwani ni tofauti kabisa na ile tuliyoizoea ya kikundi kufika kwa lori, kucheza saa moja juu ya umuhimu wa vyoo, na kuondoka.

Kwanza walikaa na wanakijiji na kuwasikiliza. Hawakuja na mchezo mkobani. Waliuliza yapi yanawasumbua watu, na wanakijiji wakataja yao, yakiwamo vijana kukosa kazi na wasichana kupata mimba. Kisha wanakijiji wenyewe, kwa ngoma na nyimbo zao, waliyatengeneza mambo hayo yakawa maonyesho. Wakayacheza mbele ya wenzao, na baada ya kucheza wakakaa chini wakajadiliana: nani anahusika, na nini kifanyike. Baadaye kazi ya namna hiyo ilifanywa pia Msoga, hapa hapa katika mkoa wetu, na Mkambalani, Morogoro. Tazameni lililotokea kwa yale mambo manne. Mtazamaji na mtendaji wamekuwa mtu mmoja, na uwanja ni uwanja wa kijiji.

Najua wapo watumishi wanaoingiwa na baridi wanaposikia habari za namna hii. Mkutano wa hadhara una ajenda na mwenyekiti, lakini mchezo hauna. Katika mchezo kijana anaweza kuvaa koti la kiongozi, akatembea kama yeye, na kijiji kizima kikajua ni nani anayesemwa. Jirani zetu wa Kenya waliyaona hayo Kamĩrĩĩthũ, karibu na Limuru. Mwaka 1977 Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ na wanakijiji, walionyesha mchezo kwa lugha ya Kikuyu. Kibali chao kilifutwa, na ilipofika Desemba 31 mwaka huo Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini kwa karibu mwaka mzima. Mwaka 1982 jukwaa lenyewe, lililojengwa kwa mikono ya wanakijiji, likabomolewa. Nalitaja jambo hili kwa makusudi. Mtumishi anayeogopa kusemwa jukwaani atasemwa kilabuni, ambako hayupo wala hawezi kujibu. Mchezo wa Malya uliishia katika majadiliano, na katika majadiliano kila mtu ana nafasi ya kusema.

Mbegu ya Malya haikupotea. Mwaka 1996 idara, ikishirikiana na Wizara ya Elimu, ilianza mpango wa Tuseme katika shule za sekondari. Wasichana walitumia maigizo kutaja yale yanayowazuia kusoma, na baadhi ya hayo, tuseme kweli, yalihusu walimu wao. Baadaye mpango huo ulichukuliwa na shirika la FAWE, ambalo Profesa Mlama alikuja kuliongoza, ukaenea katika nchi nyingine za Afrika. Mimi nauhesabu kuwa miongoni mwa kazi kubwa kabisa zilizopata kutoka katika chuo chetu. Ulizeni watu kumi mtaani, mtaona ni wangapi wanaujua.

Ndugu walimu, zamu yenu imefika. Wengi wenu mmeifundisha Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe, ya Edwin Semzaba, iliyotoka mwaka 1988. Semzaba naye alikuwa mwalimu wa pale Mlimani, akafariki mwaka 2016. Mchezo huu ni wa karani wa sensa anayetumwa kijijini kuhesabu watu. Anamwona msichana Mazoea, anasahau kilichompeleka, na mwishowe karatasi za sensa zinachomwa moto. Mwaka ule mchezo ulipotoka palikuwa na sensa ya taifa, na sensa nyingine zikafuata mwaka 2002, 2012 na 2022. Ndani ya ukumbi huu, kama sikosei, wamo waliopata kuwa makarani wa sensa. Wapo basi watu wanaoujua mchezo huu kwa miguu yao: vumbi, mwenyekiti anayetaka soda kwanza, mwenye nyumba anayekataa kutaja idadi ya wake zake.

Lakini mchezo huu unafundishwaje? Mwalimu anaingia darasani na kuandika ubaoni: dhamira, ujumbe, migogoro, wahusika, matumizi ya lugha. Mwanafunzi ananakili. Anaikariri Ngoswe kama anavyokariri sehemu za ua. Anaweza kumaliza kidato cha nne akiwa amepata alama nzuri katika tamthilia, na hajapata kuona hata tendo moja likichezwa. Sielekezi kidole kwa mwalimu aliye na darasa la vijana themanini na mtihani mbele yake. Ila nasema kwamba kwa kufanya hivyo tumeibakiza dhana peke yake kati ya yale mambo manne, na hata hiyo tumeikausha.

Nimepata kukaa nyuma ya darasa moja la kidato cha tatu siku ambayo mwalimu wa zamu alichelewa. Wavulana wawili waliinuka, mmoja akachukua daftari akajifanya karani, mwingine akawa mzee wa nyumba. Hawakufuata maneno ya kitabu. Walibishana kuhusu mtoto anayesoma bweni ahesabiwe wapi, na darasa zima likaingilia kati, kila mtu na hoja yake. Mwalimu alipofika waliketi, akafuta ubao na kuandika dhamira. Nusu saa ile ya utundu ilikuwa karibu zaidi na kazi ya Semzaba kuliko somo lililofuata.

Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika mwaka 2024, umeweka mkondo wa amali katika sekondari, na sanaa bunifu imetajwa humo. Ni hatua. Swali ni nani atakayeifundisha. Wahitimu wa sanaa za maonyesho wapo, wengine wamekwenda kwenye redio, wengine kwenye filamu, na wengine wanauza vocha. Wapo pia waliopitia Bagamoyo, katika chuo cha sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981 na ambacho tangu 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni. Itakuwa ajabu shule ikose mwalimu wa sanaa bunifu, na mhitimu wa sanaa hiyo awe amekaa kibarazani mita mia mbili kutoka lango la shule.

Mniruhusu nitoe maombi yangu kabla ya maswali. Kwa mwalimu wa Kiswahili: katika kila tamthilia, chagua tendo moja tu, vijana walicheze kabla hujawapa maelezo ubaoni. Hakuna haja ya mapazia wala mavazi. Dawati ni nyumba, na rula ni bakora. Mwulize kila mtazamaji alichokiona, ndipo uandike dhamira, nawe utashangaa kwamba wamekwisha kuzitaja.

Kwa Afisa Utamaduni, ambaye namwona pale nyuma: wanafunzi wa Chuo Kikuu hutoka kwa mafunzo ya vitendo kila mwaka. Wanafunzi wa uhandisi hupelekwa viwandani, wa sheria mahakamani. Wa maonyesho nao wanahitaji mahali, na wilaya hii ina vijiji. Msiwaombe waje na mchezo juu ya jambo mlilolichagua ofisini. Waombeni waje kusikiliza, wakae majuma kadhaa, na mchezo utokee hapa. Na Mkurugenzi asidai kuusoma mchezo kabla haujachezwa, kwani utakuwa haujaandikwa.

Kwa wenzangu wa magazeti nitasema nao huko huko ofisini.

Barua ya mwaliko iandikwe kwa Mkuu wa Idara mapema, kabla vijana hawajagawanywa kwenye vituo vyao. Itaje kijiji, itaje uwanja ulivyo, kama una mti wa kivuli au hauna, ieleze ni nyumba ngapi zitakazoweza kuwalaza wageni, na ni nani kijijini anayejua ngoma za zamani na bado ana nguvu ya kuzicheza. Majina ya wazee wawili nimekwisha kupewa asubuhi hii na Ndugu Mwenyekiti. Namkabidhi Afisa Utamaduni karatasi hii.

Sasa nipo tayari kwa maswali.